Bei ya Jana

Nilimchukia Nasrine kabla hajaweka mkoba wake chini. Nasema mapema ili msomaji asije akanihurumia bure. Aliingia dukani kwetu Jumatatu asubuhi, amejitanda mtandio wa zambarau, akatusalimia kwa adabu zote, na mume wangu Gakwaya akainuka kumpokea. Gakwaya hamwinukii mtu. Hata mkaguzi wa kodi humwinukia nusu.

Duka letu ni la vifaa vya ujenzi: mabati, misumari, rangi, mabomba. Liko kwenye barabara inayokwenda Petite Barrière, kivuko cha waendao Kongo kwa miguu, na nusu ya wateja wetu ni watu wa Goma wanaovuka mpaka kwa miguu asubuhi na kurudi kwao wamejitwika. Tulilianzisha pamoja miaka kumi na minne iliyopita, mimi nikiwa nimetokea Karagwe, Tanzania, walikokimbilia wazazi wangu, yeye akiwa ametokea Uganda. Miaka yote hiyo hesabu nilishika mimi, kwenye daftari kubwa la mistari, nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa.

Mwaka huu Gakwaya akanunua programu ya hesabu. Alilipa, ikawekwa kwenye kompyuta, na kwa miezi mitatu tukaitumia kijinga kabisa: mchana naandika daftarini, jioni nayaandika yote upya kwenye kompyuta, kidole kimoja kimoja, na mwisho wa mwezi hesabu hizo mbili zinagombana. Ndipo akamleta Nasrine kwa wiki sita atufundishe. Ni binti wa mtaa wa Majengo, kutoka zile familia za Waislamu wa biashara za tangu zamani, ana miaka thelathini hivi na amesomea uhasibu.

Jambo la kwanza alilosema ni kwamba kila bidhaa ipewe namba fupi. Kwa nini uandike bati la geji ishirini na nane mara arobaini kwa siku? Andika B28, programu itajaza yenyewe, na ghala litapungua lenyewe. Gakwaya akapiga meza kwa furaha. Sasa, B28 niliiandika mimi kwa chaki kwenye ile rafu mwaka wetu wa pili, na B30 kwenye rafu ya pembeni, na M3 kwenye boksi la misumari ya inchi tatu. Siku ile Gakwaya aliniuliza kama nafungua shule.

Jambo la pili: tusingoje mwisho wa mwezi kulinganisha hesabu na benki na malipo ya simu, tufanye kila jioni, dakika kumi tu, maana kosa la leo unalikumbuka na kosa la wiki tatu zilizopita unalitafuta kwa tochi. Haya nami niliyasema, jikoni, zaidi ya mara moja, nikajibiwa kwamba nina haraka. La tatu lilikuwa mteja anayenunua vilevile kila wiki: usimwandikie ankara mpya, chukua ya wiki iliyopita, inakili, badilisha tarehe na idadi. Hilo sikuwa nimelisema. Lakini ningelisema, kama ningeulizwa.

Na kila alilosema Gakwaya alilisikiliza mpaka mwisho. Alizima simu, akaegemea mkono, akasikiliza. Halafu akauliza swali, jibu nalo akalisikiliza. Nilikuwa nimesimama na rula ya kupimia mabomba mkononi nikiwatazama, na ile rula nilitaka kuivunja. Wiki ya pili akamwagizia Nasrine kiti kwa seremala, kiti chenye mgongo, na mto wa sponji juu yake. Alisema mtu wa kompyuta asipokaa vizuri anakosea.

Najua unachofikiri, na jirani yangu Mukamazimpaka, anayeuza vitambaa mlango wa pili, naye alifikiri hivyo hivyo. Aliniita pembeni, akaniambia nifungue macho. Macho yangu yalikuwa wazi. Nilichungulia simu ya Gakwaya, nikanusa shati lake, sikupata kitu, na ukweli ni kwamba sikupoa hata kidogo. Afadhali wangekuwa wapenzi. Hilo ningejua la kufanya. Ningekwenda kwa mama mkwe na kwa mchungaji, ningerusha sahani. Lakini mwanamke anayechukua masikio ya mumeo mchana kweupe, mbele ya wateja, na kulipwa kwa hilo, unamshitaki wapi?

Wiki ya nne Gakwaya akaniambia wazo lake. Alitaka Nasrine abaki dukani moja kwa moja. Kule Nyundo alikuwa ameona chumba kizuri cha kuuzia saruji, na mimi ningekwenda kukisimamia, maana kule kuna utulivu, wateja wachache, hewa ya mashamba. Akasema nitapumzika. Alilisema vizuri, kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Sikulala vizuri usiku huo wala uliofuata.

Kati ya mafunzo ya Nasrine kulikuwa na mawili yanayohusu kisa hiki. La kwanza ni kwamba kila mtu awe na neno lake la siri, asiingie kwa la mwenzake, ili programu ionyeshe nani kafanya nini na saa ngapi. La pili ni bei ya kubadilishia faranga za Kongo, ambayo mjini hapa kila mtu huiita taux. Hupanda na kushuka kila siku, na programu huitumia kupiga hesabu ya kila mteja wa Goma. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kuuza hata msumari mmoja, ni lazima iwekwe taux ya siku. Kazi tuligawana. Mimi napita mpakani kwa Hakimu, mzee anayebadilisha fedha pale, naandika bei kiganjani, naileta. Nasrine anaiingiza kwa neno lake la siri.

Jumatano ya wiki ya tano nilipita kwa Hakimu saa moja. Akaniambia faranga ya Kongo imeanguka vibaya. Jana elfu moja yao ilikuwa mia tano na ishirini za kwetu, leo mia nne na sabini. Nikaandika kiganjani, 470, nikashukuru, nikaondoka. Njiani sikuwa na mpango wowote, naapa. Nilifika, nikamkuta Gakwaya ameshika kikombe cha chai kumpelekea Nasrine. Kumpelekea yeye, kwa mkono wake.

Nasrine akageuka akaniuliza, "Mama Ngoga, taux iko ile ya jana?"

Nikafumba kiganja. Nikasema, "Ni ile ile."

Kufikia saa tano watu walijipanga mpaka kwa Mukamazimpaka. Habari za duka linalopokea faranga kwa bei ya jana huvuka mpaka upesi kuliko gari. Kila mtu alikuja na mabunda ya faranga za Kongo, wakanunua mabati, wakanunua rangi wasizozihitaji, na Gakwaya akawa anazunguka anasugua mikono, anasema programu imeleta baraka. Mimi nilipima mabomba. Mara mbili nilimwendea Nasrine nimweleze, na mara zote mbili Gakwaya alikuwa amesimama nyuma ya kile kiti, akicheka kwa jambo alilosema yule dada, nikageuka.

Saa kumi na moja Gakwaya alipeleka faranga milioni nne za Kongo kubadilisha. Alirudi na upungufu wa laki mbili za kwetu. Hakupiga kelele, aliweka mfuko mezani, akamwambia Nasrine afungue ile sehemu inayoonyesha nani kafanya nini. Nasrine akafungua. Pale paliandikwa kwamba taux ya Jumatano imethibitishwa saa mbili kasoro dakika kumi, na jina lililokuwa pale ni la Nasrine. Programu huandika kilichobonyezwa. Kilichosemwa kwa mdomo haina habari nacho.

Gakwaya alinitazama mimi kwanza, akaniuliza kama nilipita kwa Hakimu. Kabla sijafungua mdomo Nasrine akasema, "Kosa ni yangu, patron. Mi ndiye niko kwa mashine."

Gakwaya akamwambia aondoke. Zile laki mbili zingetoka kwenye malipo yake ya wiki sita, na malipo hayo yalikuwa laki mbili na elfu arobaini. Nasrine akajifunga mtandio, akatuaga wote, mimi kwa jina la mtoto wangu. Nilifurahi. Nasema tena, nilifurahi, na njia nzima ya kwenda nyumbani nilijisikia mwepesi.

Alhamisi nikakaa kwenye kiti. Mto wa sponji ulikuwa laini kuliko nilivyodhani. Niliweka taux ya siku, nikamwita Gakwaya nimwonyeshe jambo nililoligundua mwenyewe, kwamba programu inaweza kuagizwa ikatae kuuza chochote mpaka taux mpya iwekwe, na balaa la jana lisirudi kamwe. Nilianza kueleza. Alikuwa anatafuta kitu kwenye simu yake. Akasema, "Fanya, fanya tu," akatoka nje kumpigia mtu, na kupitia mlangoni nikamsikia anauliza kama kuna mhasibu mwingine mjini, mtu aliyesoma.

Nilibaki na mkono hewani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Nasrine hakuwa amechukua kitu changu. Masikio yale hayakuwahi kuwa yangu hata siku moja.

Saa nne akaja Nasrine mwenyewe, kukabidhi neno lake la siri lifutwe. Gakwaya alikuwa bado nje. Aliliandika kwenye karatasi, akanipa, kisha hakuondoka.

"Hakimu ni baba yangu mudogo," akasema. "Jana magaribi nilimuuliza. Alikupa taux mupya, na we ukaandika kwa mukono."

Hilo ni kosa la mtu wa kuja. Miaka kumi na minne mjini hapa, na sikuwa nimejua kwamba huwezi kumtupia binti wa Majengo jiwe lisipite kwa ami yake. Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya Gakwaya.

"Ningesema, angekutoa humu. Mi kazi ingine nitapata, hata Goma, hata Kigali. We utapata duka ingine wapi?" Akaangalia rafu. "Zile code zote nilizikuta hapa kwa chaki. Nimemwambia patron mara tatu kama ni za Mama Ngoga. Anasema ndiyo, ndiyo, halafu anauliza ya ingine."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Sikuomba msamaha, niseme ukweli. Nilimwambia tu aketi, akasema hapana, anakwenda, ana mtu wa kuonana naye Nengo. Nikamtazama akishuka ngazi. Mwanamke huyu alikuwa ameacha karibu mshahara wake mzima mezani ili mimi nibaki na duka, na mimi nilikuwa nimemwonea wivu mpaka kikombe cha chai.

Gakwaya aliporudi nilifunga mlango wa mbele, saa sita mchana, jambo ambalo hatujawahi kufanya. Nikamwambia aweke simu chini. Nikamwambia ya Hakimu, ya mia nne na sabini, ya kiganja nilichokifumba, na maneno niliyoyasema, yale matatu.

Hakunikatiza. Ile simu ililia, akaizima bila kuitazama. Aliuliza, "Ulijua tangu saa moja?" nikajibu, akalisikiliza jibu. Akauliza kwa nini, na hapo nilidhani nitakwama, lakini sikukwama. Uso wake ulikuwa umebadilika, ulikuwa wa mtu aliyeumia, na macho hayakutoka kwangu. Mungu anisamehe, katikati ya aibu ile yote nilifurahi. Kwa hiyo sikuacha. Nilipaswa kumaliza kwa dakika tano, nikaenda nusu saa. Nikamweleza ya B28 na M3, tangu mwaka wa pili, nikamwambia ya kulinganisha hesabu kila jioni, nilipoyasema na alichonijibu, nikamwonyesha jinsi ya kuiagiza programu isiuze bila taux.

Nikamaliza. Akasema atakwenda mwenyewe Majengo jioni hiyo, na pesa zote za Nasrine mkononi, amwombe arudi. Akasema mimi Jumatatu nitaanza Nyundo, na safari hii hakusema nitapumzika. Sikubisha. Nilimuuliza tu kama nirudie ile ya kuizuia programu, maana niliona hakuielewa vizuri.

"Rudia," akasema. "Polepole."