Umi na Msimamizi Wake

Umi Shamte hakulia siku aliyosikia kwamba bonde la Nambunga limetolewa kwa kampuni. Alikuwa Likawage kwa likizo, anamenya karanga na bibi yake, Bi Mboni, pale watu wa kampuni walipofika na gari jeupe na kuanza kusimika bikoni za saruji za kuonyesha mipaka, kutoka mtoni mpaka kwenye mashamba yaliyopumzishwa. Wanakijiji walipouliza nani kawapa ruhusa, wale wapimaji walijibu bila kuficha. Mtaalamu wa chuo kikuu, walisema, ameshathibitisha kuwa bonde lile ni pori tupu, halijapata kulimwa na mtu.

"Mtaalamu gani?"

"Dokta Ambrosi."

Na Dokta Ambrosi aliletwa Likawage na Umi mwenyewe. Mwaka uliotangulia, chuo kilianzisha utaratibu wa wanafunzi kufanya utafiti bega kwa bega na walimu wao. Dokta Ambrosi, mhadhiri wa mimea, alimchagua Umi. Mama Rosalia wa historia alimchagua Debora. Wote wanne wakakubaliana kuchunguza mahali pamoja, hawa wanaangalia miti, wale wanauliza wazee, na Umi akasema twendeni kwetu. Bi Mboni alimpisha Dokta chumba chake, yeye akahamia jikoni. Dokta alikula ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha akasifu, akajifunza kuitikia salamu za Kimatumbi, na kila asubuhi alimchukua Umi bondeni kumfundisha namna ya kuisoma ardhi. Umi alikuwa hana baba tangu utotoni. Aliwaambia wazee, "Huyu kwangu ni baba."

Sasa kijiji kilimgeuzia kisogo bibi yake. Palizi ya mwaka ule hakuna jirani aliyekuja kumsaidia. "Mjukuu wako katuuza," walimwambia kisimani, tena mbele ya watoto.

"Umi," Bi Mboni aliuliza jioni moja, "ndiye yule niliyempisha kitanda changu?"

"Ndiye, bibi."

Kikongwe aliingia ndani, akatoa mkeka aliolalia Dokta, akaupeleka nyuma ya nyumba na kuutia moto. Umi aliutazama ukiteketea mpaka mwisho, na moyoni mwake akaapa kwamba mtu yule atalipa, na atalipa mbele za watu.

Aliporudi Dar es Salaam alikwenda moja kwa moja ofisini kwake.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, keti."

"Dokta, lile bonde letu si pori. Wewe unajua."

Dokta Ambrosi alivua miwani, akaifuta polepole. "Umi, zama zimebadilika. Hii ni biashara huria. Watakuja watu na matrekta, vijana wenu watapata ajira. Na wewe nimekwishakuombea nafasi ya kusoma Ulaya. Usiniharibie, na usijiharibie."

Umi angeweza kupiga kelele. Badala yake aliinamisha kichwa na kusema, "Nimekuelewa, Dokta. Nisamehe." Tabasamu alilomwachia lilimuuma mashavu mpaka alipofika bwenini.

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi mtiifu kupita wote. Alimbebea vitabu, alicheka mizaha yake. Dokta alipoambiwa kwamba chuo kitafanya maonyesho ya utafiti wa wanafunzi mjini Lindi, mbele ya wakubwa wa mkoa na wenye kampuni, alimteua Umi azungumze. Umi alifanya mazoezi mbele yake mara nyingi, kila mara akisema "pori la asili", na Dokta akitikisa kichwa kwa kuridhika. Aliyejua kilichokuwa kinapikwa ni Debora peke yake.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Umi alisimama akiwa ameshika tawi lenye miiba na vitunda vya manjano.

"Kabla sijaanza," alisema, "namwomba mwalimu wangu anisaidie. Dokta, mmea huu ni upi?"

Dokta alitabasamu, akafurahi kuheshimiwa hadharani. "Huo ni mtunguja."

"Ulinifundisha unaota wapi?"

"Huota pale msitu ulipofyekwa. Kwenye mashamba yaliyoachwa, kando ya nyumba. Ndani ya msitu ambao haujaguswa hutauona."

"Ahsante, Dokta." Umi akamgeukia mpimaji wa kampuni aliyekaa mstari wa mbele. "Kaka, mlipokuwa mnasimika bikoni Nambunga, mliuona huu?"

"Tuuone?" mpimaji akacheka. "Bonde zima! Tumechomwa miiba mpaka tukakoma."

Tabasamu la Dokta lilibaki usoni, lakini halikuwa na mwenyewe tena. Hapo Debora akainuka, akawasha redio kaseti, na sauti za wazee wa Likawage zikataja mashamba ya Nambunga moja baada ya jingine, na nani kazikwa wapi. Mama Rosalia, ambaye hakujua lolote, alisimama na kusema kwa sauti kavu, "Huo ndio utafiti tuliofanya. Mwenzangu aliandika nini, aulizwe mwenyewe."

Aliulizwa. Alijikanyagakanyaga, akaomba maji. Umi hakuondoa macho kwake hata kidogo.

Upimaji ulisimamishwa wiki ile ile, na baadaye bikoni zikang'olewa. Nafasi ya Ulaya ilipotea, na Umi akalazimika kurudia mwaka chini ya msimamizi mwingine. Hakujuta.

Lakini kabla ya hayo, siku mbili tu baada ya maonyesho, yeye na Dokta walikutana tena Nangurukuru. Gari la kampuni lilikuwa limemshusha Dokta njia panda likaendelea na safari ya Masoko. Alisimama na begi lake kando ya mabanda ya chakula, shati limemganda mgongoni. Umi alikuwa anakunywa chai, akingoja basi la kurudi chuoni.

"Umi," alisema, "umenimaliza. Unataka nini zaidi?"

"Sijui, Dokta. Bado sijashiba."

Basi la Dar es Salaam likafika. Konda akapiga kelele kwamba kimebaki kiti kimoja tu. Dokta alimtazama, mtu mzima anayengoja kupishwa. Umi aliweka kikombe chini, akampita, akapanda, akakaa dirishani, na basi lilipoondoka aligeuka kumtazama mpaka vumbi lilipomfunika.