Urefu wa Makokha

Wepukhulu alikuwa anapiga randa mbao za mlango, kwao nje kidogo ya Bungoma, Nasike alipoingia uani amemshika mtoto mkono. Huyu Nasike ni mjane wa Makokha, mdogo wake Wepukhulu. Walipomaliza matanga miaka sita iliyopita, alibeba mtoto na sufuria zake akaenda zake Matisi, kule Kitale, kuuza mboga. Hapa nyumbani walimsema mpaka wakachoka. Leo amerudi mwenyewe, na hata chai hakungoja.

"Shemeji, sikuja kukaa," alisema. "Daktari anataka kujua Makokha alikuwa na urefu gani."

Mtoto, Nangila, ana miaka tisa, lakini ukimwona utasema sita. Daktari wa Kitale alimfanyia Nasike hesabu: unajumlisha urefu wa baba na wa mama, kwa msichana unatoa sentimita kumi na tatu, halafu unagawa kwa mbili. Hapo ndipo mtoto anatarajiwa kufika, azidi kidogo au apungue kidogo. Kama baba hakuwa mrefu, basi huenda ufupi ni wa ukoo, mtoto aachwe akue taratibu. Kama alikuwa mrefu, pengine kuna ugonjwa unaomzuia, na matibabu yaanze sasa, kabla mifupa haijakomaa.

"Na wewe si ulikuwa mke wake?" Wepukhulu aliuliza.

"Kwangu mimi mfupi hivi, kila mtu ni mrefu, Shemeji. Na picha zote ameketi."

"Alikuwa anainama akiingia kwangu," alisema Kukhu Edah, bibi yake Nangila na mama yao Wepukhulu na Makokha, aliyekuwa mlangoni akichambua maharagwe.

"Mama, daktari anataka namba." Nasike akamgeukia tena Wepukhulu. "Si ni wewe ulitengeneza sanduku la kumzikia?"

Ni yeye. Wepukhulu akainama akaokota takataka za mbao ambazo hazikuwa na haja ya kuokotwa.

"Futi tano na inchi nane," alisema.

Uso wa Nasike ukafunguka. Alimvuta mtoto akamkumbatia, akasema asante Mungu, kumbe ni ukoo tu, kumbe mtoto hana shida. Akatoa kalamu kwenye mkoba.

Sasa, namba ile ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya sanduku. Fundi mzima, Wepukhulu aliogopa kuingia mochari kumpima ndugu yake, akakisia. Siku ya kumchukua, miguu ya maiti ikakataa kuingia sandukuni. Alimpima pale pale kwa futi yake ya kupimia mbao: futi sita na inchi moja. Gari lilikuwa linangoja, watu wanaimba. Basi yeye na mhudumu wakamkunja magoti, wakatandika blanketi juu, na waombolezaji walioneshwa uso tu kupitia kioo. Miaka sita hakumwambia mtu, hata mke wake. Na kama angenyamaza dakika moja zaidi, Nasike angeondoka na furaha yake, na mtoto angekosa matibabu.

"Mama Nangila, usiandike," alisema. "Sanduku lilikuwa fupi. Nilimkunja miguu. Makokha alikuwa futi sita na inchi moja."

Kukhu Edah akaacha maharagwe. Wepukhulu hakuweza kumtazama. Aliona aibu kubwa. Alingoja alaaniwe, na moyoni alikubali kwamba anastahili.

"Mtoto wangu amelala amekunjwa?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Bibi wa watu akaweka mkono kifuani. Kisha akamtazama Nangila, aliyekuwa anachezea maranda.

"Hayo tutaongea mimi na wewe," alimwambia mwanawe. "Huyu kwanza. Nasike, andika."

Nasike akaandika sita, akaandika moja, halafu akafunika uso kwa leso akalia, kwa sababu sasa alijua mwanawe huenda ni mgonjwa.

"Daktari alisema mrudi lini?" Wepukhulu aliuliza.

"Jumatatu."

"Tutaenda pamoja," alisema. "Nitamwambia mimi mwenyewe jinsi nilivyompima."