Mikono ya Chai

“Huyo hakupiga kura. Alikuwa anaomba chai.”

“Kaa chini.”

“Sikai. Hesabu upya.”

“Nimesema kaa chini, wewe mtoto,” Baba Mkubwa akasema. “Mkutano una mwenyekiti, na mwenyekiti ni mimi.”

Sasa huyo mwenyekiti ni kaka wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenisomesha mpaka nikamaliza shule. Kumjibu mbele za watu si mchezo. Lakini mdomo ulishafunguka, na mdomo wangu ukifunguka haunisikilizi hata mimi.

Mambo yalikuwa hivi. Serikali inataka kugeuza Makao kuwa gereza. Makao ndiko wanakolelewa watu wazima wasioweza kujitegemea, wale ambao mwili ulikua ila akili ikabaki utotoni. Shangazi yangu anaishi pale tangu msichana. Huyo ni dada yake Baba Mkubwa, tumbo moja. Gereza likija, wote wanahamishiwa makao mengine huko mbali, safari ya kutwa nzima, na anayemtembelea Shangazi ni mimi peke yangu. Nani atampelekea mafuta ya nywele? Nani atamsuka?

Bwana afisa aliyetumwa na serikali alisema mtaa ukubali kwanza. Mtaani hakuna ukumbi, basi mkutano ukawekwa palepale Makao, kwenye bwalo la chakula, tena saa ya chai. Wenyewe wa Makao wakaja wakakaa mabenchi yao ya nyuma na vikombe vyao vya bati kama siku zote. Ungewatoa vipi? Pale ni kwao.

Tukabishana mpaka makoo yakakauka.

“Askari wanavaa buti,” fundi viatu akasema. “Buti zinachakaa. Mimi sina la kuongeza.”

“Na wafungwa wakitoroka pekupeku wataanzia kwako,” mama wa duka akamjibu, na watu wakacheka.

Wengine wakataka ajira, wengine lami, wengine wakauliza hawa waliopo wamemkosea nani. Ilikuwa nusu kwa nusu, hata kipofu angeona. Baba Mkubwa akagonga meza. “Wanaotaka gereza, mikono juu.”

Pale Makao mkono juu una maana moja tu: niongezee. Wengi wao hawasemi, na mpishi hana muda wa kumbembeleza kila mtu, kwa hiyo anayetaka chai ya pili anainua mkono. Ndivyo walivyozoeshwa miaka nenda miaka rudi. Na akiinua mmoja wanainua wote, kwani nani anataka kupitwa?

Mikono ikapanda mbele, ikapanda na nyuma. Shangazi akainua wake na kikombe juu. Yule mzee tunayemwita Meneja, maana anavaa tai hata juu ya pajama, akainua yote miwili. Karani akapita anahesabu, na mabenchi ya nyuma akayahesabu vilevile. Baba Mkubwa akasema waliokubali ni wengi, upande wa pili hauna haja hata ya kuulizwa. Wakati huohuo mpishi akatokea jikoni na birika, akaona mikono, akaanza kumimina.

Ndipo nikasimama.

“Hawa ni wakazi wa mtaa huu,” Baba Mkubwa akasema, sasa akiwaangalia watu, si mimi. “Wamekaa hapa kuwazidi wengi wenu. Au kijana, unataka kuniambia shangazi yako si mtu?”

Watu wakaguna. Nikaona kweli huyu mzee si wa mchezo.

“Ni mtu,” nikasema. “Kwa hiyo muulize na swali la pili. Sema wasiotaka gereza mikono juu, halafu tuone.”

Akaliangalia birika.

“Swali la pili haliulizwi.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nimesema.”

“Kwa sababu wataiinua tena, na chai bado ipo.”

“Uliza bwana mwenyekiti,” mama wa duka akasema. “Hata mimi nina kiu.”

Bwalo zima likaanza kelele. Afisa akatazama saa. Baba Mkubwa akanivuta shati, akaniinamia sikioni, na sauti ikawa ile ya nyumbani.

“Mwanangu, usiharibu. Nafasi nimeshakuombea. Askari magereza, sare, mshahara kila mwezi. Utakaa sebuleni kama kochi mpaka lini?”

Sitaki kujifanya. Iliniingia. Tangu nimalize shule nimezunguka kuomba kazi mpaka walinzi wa mageti wananisalimia.

“Na Shangazi?” nikauliza.

“Huko anakopelekwa watamtunza. Hata hatajua amehama.”

Halafu akanyoosha mkono juu, kiganja wazi, kutuliza watu. Akaushikilia hapohapo. Kelele zikapungua, na katikati ya ule utulivu tukasikia ndala zinaburuzwa sakafuni.

Shangazi alikuwa anakuja. Kashika kikombe chake kwa mikono miwili, kimejaa pomoni, anatembea polepole kisimwagike. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa kaka yake, ambaye mkono bado ulikuwa juu, akakiweka mbele yake mezani. Akampapasa begani, kama anavyonifanyia mimi nikifika nimechoka.

Hakuna aliyecheka.

Baba Mkubwa akaushusha mkono. Kwa muda nilidhani atakichukua. Kisha akakisukuma pembeni, chai ikamwagika juu ya meza.

“Karani,” akasema, “andika imepita. Na muondoe huyu mtu hapa mbele.”

Huyu mtu.

Nikakichukua kikombe. Nikamshika Shangazi mkono, naye akanifuata. Meneja akainuka, akaweka tai yake sawa, akatufuata.

“Geti liko huku, kijana,” afisa akaniambia.

“Najua liliko.”

Mimi nilikuwa naelekea upande wa ndani, kwenye mlango wa vyumba vyao vya kulala. Ule mlango haufungwi, unazuiwa na tofali mchana na usiku, kwa sababu wengine wanaogopa kufungiwa. Nikawapisha Shangazi na Meneja kwanza.

“Unakwenda wapi?” Baba Mkubwa akaita. Sauti haikuwa ya mwenyekiti tena.

“Si umeniombea nafasi humu?” nikasema. “Naanza leo. Mkija kuwatoa, mtanikuta mimi mlangoni.”

Nikalisukuma tofali kwa mguu, nikaingia, nikafunga mlango.