Dakika Kumi na Moja za Mama Nyangi

Hyasinta alikuwa anasomea shahada ya uzamili, na filamu yake ilihusu swali moja: utamwonyeshaje mtu bila kuonyesha uso wake? Kwa hiyo, nyumbani kwa mjane mmoja karibu na Kiabakari, alirekodi mikono, kivuli ukutani, kanga juani. Na sauti.

Mjane huyo alikuwa Consolata, Mama Nyangi kwa majirani. Siku ya nane, akimenya mihogo, alisema bila kuulizwa, "Nilikuwaga na cherehani yangu pale Bunda. Nataka nirudi. Lakini shemeji anasema nikiondoka watoto wanabaki, ni wa ukoo. Tena anataka anirithi. Mimi sitaki."

Kesho yake wakamwona shemeji mwenyewe, Benjamini, akikata uwanja kuja kwao.

"Futa yale maneno," Mama Nyangi alinong'ona.

"Mama, hayo ndiyo filamu yenyewe."

"Wewe utapanda gari urudi Musoma. Mimi nalala hapa. Futa, mwanangu."

Akafuta.

Benjamini aliketi mlangoni, akadai kuona kila kitu. Aliona mikono, akaona kanga. Hakuridhika.

"Sasa mrekodi uso. Aseme anaishi vizuri kwetu, na huko chuoni wajue."

Hyasinta alitaka kukataa, lakini alijua adhabu ya kukataa kwake ataibeba nani. Akasimamisha kamera. Mama Nyangi akakaza kitambaa kichwani, akaitazama.

"Sema," Benjamini aliamuru.

Kimya.

Benjamini akakohoa, akacheka, akamwita kwa jina la ubatizo, akampigia kelele kwa kilugha. Nzi alitua shavuni kwa Mama Nyangi, akatembea, akaruka. Mama Nyangi hakupepesa macho. Hyasinta hakuthubutu kugusa kitufe. Zilipita dakika kumi na moja.

"Huyu amechoka," Benjamini akasema mwishowe. Akatoka bila kuaga.

Mama Nyangi akarudi kwenye mihogo yake. Hawakuzungumza tena habari hiyo mpaka Hyasinta alipoondoka.

Chuoni, msimamizi wake alizitazama dakika hizo hadi mwisho. "Nimeshindwa kutulia kitini," alisema. "Hii iweke. Lakini umepata ruhusa yake?"

Hyasinta akapiga simu. Ikapokelewa na mwanamume.

"Naomba Mama Nyangi."

"Simu yake ninayo mimi," Benjamini alijibu. "Sema, nasikia."

Akasema alikuwa anasalimia tu.

Alikabidhi filamu ya mikono, akafaulu. Zile dakika kumi na moja hajamwonyesha mtu mwingine. Kila Jumapili baada ya misa hupiga tena namba ile, na kila Jumapili hupokelewa na sauti ileile.