Ramzanali Aenda Kula Sushi

Mwaka 2011, Shahnaz alipomwambia mumewe kwamba amepata kazi kwenye duka la samaki la Wajapani, Ramzanali alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Hata dagaa ulikuwa unawashika kwa ncha za vidole!"

Alikuwa na haki ya kucheka. Kule Mwanza yeye ndiye aliyekuwa mtu wa samaki. Kwa miaka kumi na sita aliendesha kiwanda kidogo cha minofu ya sangara, na mkewe alikaa ofisini na simu na mafaili. Jioni akirudi, Shahnaz alimzuia mlangoni. "Baba Fareen, oga kwanza. Unanuka." Biashara ilipoanguka walihamia Kanada na binti yao Fareen, wakapanga ghorofa kule Malton, na Ramzanali akapata kazi ya kupakia mizigo kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena habari za samaki.

"Nitajifunza," Shahnaz alimjibu.

Akajifunza kweli. Duka lile lilikuwa mbali, mabasi mawili na treni, na lilikuwa na sifa mji mzima. Mbele waliuza samaki juu ya barafu, na nyuma kulikuwa na meza ndefu yenye viti kumi, ambapo watu walikula sushi ya samaki walewale. Miezi ya kwanza Shahnaz aliosha ndoo na kuparua magamba. Kisha mwenye duka, Bwana Okubo, mjane wa makamo, akaanza kumfundisha kisu.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Shahnaz aliporudi nyumbani alikuwa na mengi ya kusimulia, na kila alichosimulia kilikuwa na jina la Okubo ndani yake. Okubo amesema samaki hasukumwi na kisu, anavutwa. Okubo anaweza kugusa jodari kwa kidole na kujua amevuliwa lini. Okubo amenipa kinoo cha kunolea visu, kilikuwa cha baba yake.

"Cha baba yake? Amekupa wewe kwa nini?"

"Kwa sababu visu vyangu vilikuwa butu."

Usiku huo kinoo kile kilimkaa Ramzanali kifuani. Mkewe aliyelala pembeni alinuka samaki, harufu ileile iliyomfanya amzuie yeye mlangoni kule Mwanza, na safari hii alikuwa ameitoa kwa mwanamume mwingine. Siku moja alimsikia akiongea na Okubo kwenye simu. Alikuwa akicheka. Ramzanali alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mkewe alicheka hivyo kwa maneno yake, akakosa.

Mwezi wa Novemba Shahnaz alimwambia, "Jumamosi huna zamu. Njoo dukani ule. Nakuomba."

"Samaki mbichi? Mimi si paka."

"Njoo tu, Baba Fareen. Siku hiyo hasa."

"Nimesema siji."

Jumamosi ilipofika, Shahnaz aliondoka alfajiri. Saa nne Ramzanali alinyoa ndevu, akavaa koti la kuendea ibada jamatkhana, akapanda basi. Hakuwa amebadili nia kwa sababu ya ombi la mkewe. Alitaka kumwona huyo Okubo, na alitaka kumwona kabla mwenyewe hajaonekana.

Foleni ilikuwa imetoka nje mpaka kwenye theluji. Mlangoni kulikuwa na karatasi ya kuandika jina na idadi ya watu. Ramzanali aliandika jina la kaka yake, Nasrudin, mtu mmoja, akasimama nyuma ya watu warefu. Kupitia kioo alimwona Shahnaz. Alikuwa amevaa kofia nyeupe na aproni, ameinama juu ya ubao. Pembeni yake alisimama mwanamume mwembamba mwenye mvi safi na mikono iliyotulia. Mwanamume akasema kitu, Shahnaz akatikisa kichwa na kutabasamu bila kuinua macho. Hawakugusana. Hawakutazamana hata. Ramzanali angeona nafuu kama wangetazamana, maana hapo angekuwa na la kusema. Walikuwa kama watu wawili waliokwisha kufanya kazi pamoja miaka mingi, na mumewe wa ndoa ya miaka ishirini na nane alikuwa nje akipiga miguu chini kwa baridi.

Baada ya saa nzima waliita, "Nasrudin!" Shahnaz aliposikia jina la shemeji yake aliinua kichwa, akamwona mumewe akiingia. Uso wake ukachanua.

"Umekuja!" alisema kwa Kiswahili. Kisha akamgeukia Okubo na kumwambia kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye mume wake.

Okubo aliinama. "Karibu sana. Shahnaz-san ananiambia hakuna mtu anayejua samaki kama wewe."

Ramzanali alisikia hilo "san", neno la heshima la Kijapani, likibandikwa kwenye jina la mkewe, akalichukia. Alikaa. Okubo alimwekea mbele yake matonge mawili madogo ya wali uliotiwa siki, juu ya kila tonge kipande cha jodari, chekundu, kinang'aa. Shahnaz aliacha kazi yake akasimama kuangalia.

Ramzanali alitia kimoja mdomoni. Alikuwa amejiandaa kukitema. Lakini nyama ile ililegea juu ya ulimi bila kutafunwa, baridi na tamu, wala haikuwa na uzi hata mmoja. Alijua kukata. Alijua kwamba aliyekata kipande kile alikuwa ameipindisha nyama kidogo mkononi, akafuata inavyotaka yenyewe. Na kadiri alivyojua, ndivyo wivu ulivyompanda.

"Amekatwa vibaya," alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote waliokaa. "Nimekuwa na kiwanda cha samaki. Kwangu mtu angekata hivi, asingerudi kesho yake."

Vijiti vya kulia vilisimama hewani meza nzima. Okubo alikitazama kipande kilichobaki, kisha akainama tena, chini zaidi ya mara ya kwanza.

"Samahani. Kosa ni langu."

Ramzanali alihisi ushindi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha Shahnaz akasema kwa Kiswahili, polepole, "Si yeye. Nimemkata mimi, Baba Fareen. Leo ndiyo mara ya kwanza ameniruhusu kukata samaki wa mezani. Ndiyo maana nilikuomba uje."

Hakulia. Alirudi kwenye ubao wake na kushika kisu. Okubo, ambaye hakuwa ameelewa neno, alikuwa bado ameinama kwa ajili ya mke wa mtu mwingine, na mtu mwenyewe hakujua aweke wapi mikono. Alikula kipande cha pili kwa sababu hakuweza kukiacha pale. Kilikuwa kizuri kuliko cha kwanza. Akaondoka.

Shahnaz alirudi saa kumi na moja, akapika, wakala. Fareen aliuliza kwa Kiingereza kuna nini, kisha akachukua sahani yake na kwenda chumbani.

"Ulienda kutafuta nini pale?" Shahnaz aliuliza walipobaki wawili.

"Kila siku Okubo, Okubo. Nilitaka kumwona."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Miaka kumi na sita ulinisimulia sangara. Wazito, wadogo, waliooza njiani. Nilichoka, lakini nilisikiliza." Alikusanya sahani. "Sasa sitakusumbua tena na zangu."

Akatimiza. Wiki tatu hakusema lolote la dukani. Ramzanali, aliyekuwa akilichukia jina la Okubo, sasa aliumwa zaidi kwa kutolisikia, maana alijua kwamba kuna mtu kule anazisikia habari zote ambazo yeye anakosa. Kule bohari, alipokuwa akisukuma masanduku, alijikuta akijiuliza leo wamepokea samaki gani.

Jumapili moja mchana Shahnaz alikuwa sebuleni akikunja nguo. Ramzanali alikaa pembeni yake, akachukua taulo, akaikunja vibaya.

"Kile kipande hakikuwa na kosa," alisema.

"Najua."

"Nilijua na mimi. Palepale."

Shahnaz aliikunjua ile taulo na kuikunja upya. Walipomaliza kapu zima, Shahnaz akaanza:

"Alhamisi waliletewa samaki bapa, macho yote mawili upande mmoja. Mkubwa kama meza hii. Sikujua nianzie wapi, basi Okubo..." Alimtazama mumewe usoni.

Kifua kilimbana Ramzanali palepale kilipokuwa kikimbana siku zote.

"Endelea," alisema.