Utosi Chini ya Dawa

Mtoto alizaliwa wa miezi saba. Mama yake, Wakio, akamlaza katika kasha la sabuni lililojaa pamba, chupa za maji moto huku na huku. Siku ya tisa akakataa maziwa ya kijiko. Wakio alimshika mguu: baridi. Akabadilisha chupa. Baridi vilevile. Akazibadilisha tena kabla hazijapoa.

"Utamchemsha, mwanangu," alisema mama mkwe wake, Peris, aliyeteremka kutoka Mwanda na dawa ya utosi, akampaka mtoto. "Hana homa. Asiye na homa anaumwa nini? Amechoka tu, kama wewe."

Wakio akaketi, akainuka. Kwenye masomo ya jioni ya afya alikuwa ameandika dalili za ugonjwa daftarini, na zote zilikuwa za joto. Mara miguu ya mtoto ikaanza kuzunguka kama ya mwendesha baiskeli, midomo ikimung'unya hewa.

"Anaota ziwa," Peris akacheka kidogo.

"Mama, naifuta hiyo dawa."

"Ukiifuta utosi utazama."

Majani na samli vilikuwa vimekauka kama kofia. Wakio akavilowesha, akafuta taratibu. Utosi haukuzama. Ulikuwa umevimba, umekaza kama ngozi ya ngoma.

Peris alitazama. Akajifunga kanga, akambeba mtoto, akatangulia njia ya hospitali.

Daktari alivuta maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Yakatoka na usaha. Dresa Elijah, msaidizi wa daktari, akawaeleza: "Ni kidudu cha nadra, kimefika kwenye ubongo. Watoto wa kabla ya siku zao, kikiwaingia, wengine hupoa badala ya kupata homa."

"Atapona?"

"Anaweza kupona, mama, asiwe kama wengine. Mkono, mguu, macho. Hatujui bado."

Siku kumi na nane za sindano. Wakio hakuweza kutulia. Alizunguka kitanda, akapitisha kifungo cha shaba mbele ya macho ya mtoto. Macho yakakifuata. Peris alinawa mikono kila asubuhi, akagusa utosi mtupu. "Umelala sawa," akasema.

Siku ya kumi na tisa mtoto akashika ziwa, akavuta mpaka Wakio akauma meno.

"Mkono wa kushoto haufunguki," Peris akanong'ona.

"Nimeuona, Mama."

Wakio alikuwa akiufungua, kidole kimoja kimoja. Ukajikunja. Akaanza upya na kile kidogo.