Pipa la Chumvi Chini ya Nyumba

Mimi sihami. Nililisema hilo Novemba, Siku ya Shukrani, bata mzinga yuko katikati ya meza, na Renae binti yangu akanijibu kwa sauti ile anayowasemesha watoto wa darasa lake: "Sawa, Mama. Lakini kitu kimoja tu kikiharibika tena humu ndani, unahamia kwenye nyumba ya wazee. Tumekubaliana?" Jiko lilikuwa limeshakufa, na bomba la nje limepasuliwa na barafu. Nikasema tumekubaliana. Nilikuwa nimekasirika, na mtu akikasirika hukubali upuuzi.

Basi Jumamosi moja ya Machi akaja na bakuli lake la nyama na viazi. Hata koti hajavua, akatoa glasi kabatini akaiinua dirishani. Ilikuwa na ukungu mweupe. Akafungua bomba, akasugua sabuni mikononi. Povu ng'o!

"Mama, mashine ya kulainisha maji imekufa."

"Haijafa."

"Chokaa si hii hapa? Au umesahau kutia chumvi?"

"Nisahau chumvi, mimi? Ebo! Shuka ukaangalie pipa kwa macho yako."

Hapa kwetu Iowa kisima kinatoa maji na chokaa kwa pamoja. Asiye na mashine chini ya nyumba, mashuka yake meupe yanageuka kijivu na birika lake linaota magamba. Kwa hiyo mashine ikifa, nyumba nayo inaonekana imekufa. Renae alilijua hilo vizuri, na mimi pia.

Tukashuka, yeye mbele, mimi nimeshika ukuta. Nikafunua pipa. Chumvi ilikuwa imejaa mpaka kwenye mdomo. Jirani yangu Duane ndiye aliyeijaza Oktoba, kabla ya theluji. Alitaka kuishia nusu, nikamwambia ajaze mpaka juu nisije nikamsumbua tena. Sipendi kuombaomba.

"Chumvi ipo, na maji bado ni magumu kwa chokaa," Renae akasema. "Basi ni mashine. Mama, ulikubali mwenyewe." Macho yake yalikuwa mekundu. Angenicheka ningejua la kumjibu, lakini kunihurumia? Hapo damu ikanichemka.

Nikalikodolea macho lile pipa. Oktoba mpaka Machi, na chumvi haijashuka hata kidogo! Chumvi gani hiyo isiyoliwa? Nikakumbuka kila majira ya kuchipua marehemu mume wangu, Orval, alikuwa akiligonga pipa hili kwa ngumi huku akilitukana. Nikaligonga. Chini likalia tupu.

"Nipe ufagio," nikasema.

"Mama, tupande juu tuongee."

"Ufagio, Renae! Halafu sikiliza, maana umekulia juu ya mashine hii na huijui. Lile tangi refu lina shanga ndogondogo, zimebeba chumvi. Maji yakipita, chokaa inang'ang'ania shanga, chumvi inaachia. Shanga zikijaa chokaa, mashine inavuta maji ya chumvi kutoka pipa hili, inazisuuza, chokaa inakwenda zake mferejini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa pipa limejazwa mno, chumvi ya juu imegandana kama kifuniko, na chini maji yamekaa peke yake. Miezi yote hii mashine inasuuza kwa maji matupu. Ni mzima huyu! Ananyimwa chakula tu."

Nikageuza ufagio, nikapiga kwa mpini. Gumu kama jiwe. Nikapiga tena.

"Mama, utaanguka!"

"Nikianguka nitaangukia chumvi. Kaa kando."

Nikaudidimiza kwa uzito wangu wote, na uzito ninao. Chumvi ikakatika, ikaporomoka kwa kishindo mpaka robo ya pipa, maji yakaturukia usoni. Renae akapiga ukelele kama mtoto. Nikangoja chumvi iyeyuke huku tukila viazi vyake, kisha nikabonyeza kitufe, mashine ikaanza kunguruma. Ilipomaliza kujisuuza nikamwita kwenye bomba la jikoni. Akasugua sabuni. Povu likampanda mpaka viwiko.

"Haya," nikasema, "kilichoharibika kiko wapi?"

Akajifuta mikono taratibu. "Hakipo. Lakini Mama, Duane anahamia Arizona. Mifuko ile ya chumvi nani atakushushia?"

Lo, hilo sikulijua. Lakini nikachukua sufuria ya supu, nikaenda kwenye mfuko uliobaki kule karakana, nikaijaza chumvi. Nikakaa kitako kwenye ngazi ya juu, sufuria mapajani, nikaanza kushuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, kama nilivyomfundisha yeye alipokuwa hajajua kutembea.

"Mama, unafanya nini?"

"Natia chumvi. Ikifika nusu ya pipa naacha. Kama ni kutwa nzima, nina kutwa nzima."

Nilijua amesimama nyuma yangu, na nilijua analia. Sikugeuka. Kisha akanipita, akakaa kwenye ngazi ya chini yangu na koti lake zuri, akanyoosha mikono.

"Lete," akasema.

Nikampa sufuria, nikapanda kuchukua nyingine.